Jalada kwanza, bastola baadaye: namna ya kuandika riwaya ya rushwa, mahakama na kisasi

Nilikaa masjala ya mahakama miaka 11 kabla sijaandika ukurasa wa kwanza wa riwaya. Kazi yangu ilikuwa kupokea majalada, kugonga mihuri, kutunza rejista ya vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, na kuwaambia watu walioamka alfajiri kwamba kesi yao imeahirishwa tena. Riwaya yangu ya kwanza niliianza kwa risasi: waziri mla rushwa anaanguka kwenye ngazi za mahakama na kofia yake inabingirika mpaka chini. Mhariri alinirudishia mswada akiwa ameandika mstari mmoja tu pembeni: "Marehemu namjua kwa cheo tu. Nilie nini?" Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikarudi kwenye kitu nilichokijua kuliko risasi, nacho ni jalada.

Ukitaka kuandika hadithi ya mtu aliyejichukulia sheria mkononi dhidi ya kiongozi fisadi, msomaji lazima aione sheria ikishindwa mbele ya macho yake, karatasi kwa karatasi, tarehe kwa tarehe. Hapo bastola ikitokea ataielewa, hata kama haikubali.

Iba wewe mwenyewe kwanza

Chukua daftari, panga wizi wako wote kabla ya kuandika sura yoyote. Usiandike kwamba "mabilioni yalitafunwa". Msomaji amesikia mabilioni mpaka yamekuwa kelele tu masikioni mwake. Mwonyeshe zabuni ya mashine za hospitali ambayo masharti yake yameandikwa kwa kumpima mzabuni mmoja kama fundi anayempima mteja suti. Hata upana wa gurudumu la mashine umetajwa. Wazabuni wako watatu, lakini barua zao zina kosa lile lile la tahajia katika aya ile ile. Ankara za mshindi zinasomeka 001, 002, 003 kwa miezi minane mfululizo, maana yake kampuni hiyo haijawahi kumuuzia mtu mwingine yeyote. Mkataba ulisainiwa kwa bei ya chini, kisha zikaanza kuja nyongeza za kazi, kila moja ikiwa chini kidogo ya kiwango kinachohitaji idhini ya bodi. Hizi ndizo alama ambazo wakaguzi wa hesabu huzitafuta, na zina utamu kwa mwandishi kwa sababu msomaji anaweza kuzigundua mwenyewe kabla ya wakili wako.

Kisha fuata fedha. Inatoka serikalini kwenda kwa mshindi wa zabuni, kutoka hapo inalipwa kama "ada ya ushauri" kwa kampuni isiyo na ofisi wala mfanyakazi, halafu inarudi kwa mkubwa ikiwa imevaa joho la mkopo. Mkopo huo hauna siku ya kulipwa. Mkurugenzi wa kampuni hiyo kwenye karatasi ni mtu aliyekopesha jina lake: dereva, mpwa, mtunza bustani. Mpende sana mtu huyu. Alisaini bila kusoma, alipewa ahsante ndogo, na siku mambo yakiharibika ndiye peke yake ambaye sahihi yake iko kila mahali. Katika riwaya yangu ya pili ni mama mmoja mfua nguo wa nyumba ya waziri ambaye anagundua, akiwa kizimbani, kwamba kwa miaka minne amekuwa mmiliki wa majengo mawili ng'ambo. Anauliza kama anaweza kuhamia. Sura hiyo sikuipanga. Ilitoka yenyewe kwa sababu karatasi zilikuwa zimenyooka.

Neno kuhusu fisadi mwenyewe. Usimchore akicheka peke yake usiku. Mwaka 1621 Uingereza ilimwondoa Francis Bacon, mkuu wake wa sheria (Lord Chancellor) na mmoja wa watu wenye akili kuliko wote wa zama zake, kwa kupokea zawadi kutoka kwa watu wenye kesi mbele yake. Alikiri kupokea. Alichoshikilia ni kwamba zawadi hizo hazikuwahi kugeuza hukumu yake, na kweli baadhi ya waliomletea walishindwa kesi na ndio waliokwenda kumshtaki. Hebu fikiria mhusika wa namna hiyo: anachukua mlungula na bado analala usingizi wa mtu mwadilifu. Huyo anatisha kuliko mwenye sigara na kicheko.

Kesi ife kihalali

Hapa ndipo miswada mingi ninayoletewa inapovunjika. Mwandishi anataka kesi ishindwe, basi anampa jaji bahasha. Bahasha ni njia ya mkato, na msomaji mwerevu anajua. Tafuta namna kesi inavyoweza kufa bila mtu yeyote ndani ya chumba cha mahakama kuvunja kanuni hata moja.

Kuahirisha ndiko silaha kubwa kuliko zote, nayo ni ya kale. Mwaka 70 kabla ya Kristo, wakili wa Roma aitwaye Cicero alipomshtaki Verres kwa kuipora Sicilia, jimbo la Roma, alipokuwa gavana wake, watetezi wa Verres hawakuhangaika sana kukana. Walihesabu siku. Sikukuu na michezo ya Roma ilikuwa njiani, na kesi ikivuka mwaka, wakili wao Hortensius angekuwa konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa dola, na rafiki yao Metellus angeisimamia mahakama yenyewe. Cicero alikuwa amepewa siku 110 za kukusanya ushahidi, alitumia 50. Siku ya kesi akaacha ile hotuba ndefu ya ufunguzi ambayo kila mtu aliitarajia, akaanza kuita mashahidi moja kwa moja. Verres hakungoja mwisho, alikimbilia uhamishoni. Taharuki yote ya kesi hiyo iko kwenye kalenda. Basi weka kalenda yako ukutani: jaji anastaafu lini, uchaguzi ni lini, shahidi mgonjwa ana miezi mingapi. Kila ahirisho liwe na sababu ya kweli, na kila sababu ya kweli imkate mtu fulani.

Njia ya pili ni kielelezo. Nimetunza vielelezo, najua vinavyokufa. Bahasha ya ushahidi hutoka kwa mpelelezi kwenda maabara, maabara kwenda stoo, stoo kwenda mahakamani, na kila mkono unaopokea lazima usaini tarehe na saa. Mkono mmoja ukikosekana katika mnyororo huo, wakili wa utetezi hana haja ya kuthibitisha kwamba kitu kilibadilishwa. Mara nyingi inamtosha kuonyesha kwamba kingeweza kubadilishwa. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi, na shaka ni mgeni asiyehitaji kiti.

Angalia namna ninavyoandika hoja hiyo kwa mazungumzo (lakiri ni muhuri wenye namba unaofunga bahasha):

"Afisa, bahasha hii uliifunga wewe?"

"Ndiyo."

"Na lakiri uliiweka wewe?"

"Ndiyo."

"Soma namba ya lakiri kwenye fomu ya makabidhiano."

"Sifuri, sita, saba, nne."

"Sasa soma iliyo kwenye bahasha."

Afisa aliigeuza bahasha. Akaigeuza tena.

"Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

Kila swali lina jambo moja tu, na jibu lake wakili analijua kabla ya kuuliza. Hakuna anayepiga meza. Wakili mbaya angeongeza swali moja, "Kwa nini namba hazifanani?", na afisa angepata nafasi ya kueleza. Mfundishe wakili wako kunyamaza. Na kwa kuwa tupo hapo: nyundo. Majaji wa Uingereza hawagongi nyundo kabisa, na mahakama nyingi zilizorithi taratibu zao hazina nyundo, lakini kila mswada unagonga. Ulizia mahakama ya hadithi yako inafanyaje kabla hujaigongea.

Kama unataka serikali ishinde mapema kisha ishindwe baadaye, kuna mlango wa pembeni: kodi. Al Capone, jambazi mkubwa wa Marekani, alihukumiwa Chicago mwaka 1931 kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato, si kwa damu. Na siku kesi ilipoanza, jaji alibadilisha kundi zima la raia waliotayarishwa kuiamua kwa sababu kulikuwa na habari kwamba limefikiwa na watu wa mshtakiwa. Badiliko la namna hiyo, dakika ya mwisho, likikaa sura ya 20 linaweza kukubebea kurasa thelathini.

Mwenye bastola

Baada ya kesi kufa, mtu anaamua. Mchague kwa makini. Askari mstaafu mwenye misuli nimemsoma mara nyingi mno. Mimi ningechukua mtu aliyekuwa akiamini utaratibu kuliko wote: karani, mpiga chapa wa mahakama, mkaguzi aliyeandika ripoti ya kurasa mia tatu ambayo haikufunguliwa. Huyo akivuka mstari, mstari wenyewe unasikika ukikatika.

Kisha, na hili usilikwepe, mrudishe mahakamani. Riwaya inayoishia na risasi ni nusu ya riwaya. Mwaka 1878 Vera Zasulich, mwanamapinduzi wa Kirusi, aliingia ofisini kwa Trepov, gavana wa St. Petersburg, kama mtu mwenye maombi, akampiga risasi, akaitupa bastola chini na kusubiri akamatwe. Trepov alipona. Mwaka uliotangulia alikuwa ameamuru mfungwa wa kisiasa achapwe viboko kwa sababu hakumvulia kofia. Mahakamani Zasulich hakukana kwamba alimpiga risasi, lakini wakili wake aliiongoza kesi mpaka ikawa kama Trepov ndiye anayeshtakiwa, na wale raia waliokaa kuamua wakamwachia huru. Watu walishangilia. Polisi walitaka kumkamata tena hapo hapo nje, akatoroka nchi. Ndani ya miezi michache serikali ikaziondoa kesi za mashambulizi dhidi ya maofisa mikononi mwa raia hao. Na Zasulich mwenyewe baadaye alikuja kupinga mauaji ya kisiasa. Shangwe, kisha mlango uliofungwa kwa wote waliokuja nyuma yake: ukiweza kuviweka vyote viwili katika hadithi moja, umefika.

Sheria itakusaidia kumbana. Kujitetea kunahitaji hatari iliyo karibu, mtu anayekujia sasa hivi. Fisadi aliyeketi anakunywa chai si hatari ya aina hiyo. Katika nchi nyingi zenye asili ya sheria za Kiingereza, hasira ya ghafla inaweza kushusha kosa kutoka mauaji ya kukusudia kwenda mauaji ya bila kukusudia, lakini neno zito ni "ghafla". Risiti ya risasi zilizonunuliwa siku tatu kabla inaizima hoja hiyo. Ndiyo maana mimi huwa naiweka risiti hiyo mapema, mahali ambapo msomaji ataiona na kuisahau.

Kitu kimoja zaidi, na kwangu ndicho kitovu cha aina hii ya riwaya: siri ya wakili na mteja. Mteja akimwambia wakili wake "nilimuua", wakili anafunga mdomo. Akimwambia "na Alhamisi namfuata wa pili", katika nchi nyingi siri hiyo haina kinga ile ile, kwa kuwa sasa ni habari ya kosa lijalo. Tofauti ni njeo ya kitenzi tu. Mpe wakili wako mteja anayezungumza kwa mafumbo, asiyesema "nita" wala "nili", na umwache wakili usiku kucha akichambua sarufi.

Rejista ya mwandishi

Ukimaliza rasimu, tengeneza rejista kama niliyokuwa nayo masjala: kila kitu chenye uzito katika hadithi, kilitoka kwa nani, kikaenda kwa nani, sura ya ngapi. Simu, bastola, ankara, funguo. Inachosha. Mimi huifanya kwa siku mbili na chupa ya chai.

Katika mswada wangu wa tatu rejista ilinionyesha bastola iliyokuwa stoo ya polisi sura ya 9, kisha mfukoni mwa muuaji sura ya 11. Nilisahau tu. Nilikaribia kufuta sura ya 9, lakini nikajiuliza swali ambalo nilikuwa nikiwauliza maofisa waliochelewa kurudisha vielelezo: nani alisaini? Nikamtunga mlinzi wa stoo mwenye madeni, aliyempa muuaji bastola ile bila kuomba hata senti. Alikuwa amekaa nyuma ya chumba cha mahakama tangu sura ya 2, siku namba za lakiri zilipokosa kufanana. Nilimwongezea kurasa arobaini.