Unataka kuanzisha ligi ya eFootball? Piga hesabu kwanza

Juzi kuna kijana kanipigia, anataka kuanzisha ligi ya eFootball, lile gemu la mpira, kwa wenzake wa maskani, anauliza aanzie wapi. Nkamwambia kaa chini upige hesabu, mana mie sikupiga na ikanitokea puani.

Ligi yangu ya mwanzo tulikuwa 16, wengine wa mjini, wengine shamba huko Nungwi na Jambiani, watano wako Pemba, Wete na Chake. Tukasema nyumbani na ugenini kama ligi za watu wazima. Grupu limejaa, watu wanatambiana toka asubuhi, mie admin najiona rais wa FIFA. Hakuna hata mmoja aliehesabu kwamba watu 16 wakikutana mara mbili mbili ni mechi 240, raundi 30, na mkicheza raundi mbili kwa wiki ni wiki 15, hapo umeme uwepo, kila mtu awe na bando na asitokee mwenye harusi, na wewe nambie Unguja hii wiki gani haina harusi. Raundi ya 19 Ramadhani ikaingia, ligi ikafia hapo, bingwa hakuna.

Hesabu yenyewe nyepesi. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa idadi hio ukitoa mmoja, hizo ndo mechi za nyumbani na ugenini, ukitaka mzunguko mmoja gawa kwa mbili. Watu 8 mzunguko mmoja ni mechi 28, raundi 7, mwezi haujesha mshamaliza. Watu 10 nyumbani na ugenini zinakuwa 90, hapo tayari kazi. Mie sahivi sivuki 10, wakizidi nawagawa makundi mawili na mwisho nusu fainali, anaetaka zaidi asubiri msimu ujao.

Ila sio wingi wa mechi peke yake ulioniua, kilichoniua kesi. Rafiki yangu wa Pemba mtandao ulimkatikia dakika ya 70 kashafungwa 2-1, nkasema warudie mechi yote, mana namjua sio mtu wa kuzima data makusudi. Wiki ileile kijana mwengine ikamkuta hivohivo, mie siku hio nimetoka kazini nimechoka sitaki maneno, nkampa mpinzani wake pointi za mezani, yani ushindi bila kumaliza mechi, nkalala. Wallahi sikuwa na nia mbaya lakini alieko nje anaona nini? Anaona admin anabeba watu wake. Na toka hapo kila mtu anakuja inboksi na kesi yake, vois noti za dakika nne saa 7 usiku, mana washajua hukumu kwangu inaombwa na ikiombwa vizuri inapatikana. Wanne wakatoka wakaenda kuunda ligi yao.

Kwa hio kabla mechi ya kwanza haijachezwa andika sheria, ziweke juu ya grupu, kila mtu ajibu "nimekubali" kwa jina lake, na msimu ukishaanza hata sheria ikiwa mbovu haibadilishwi, isubiri msimu umalizike. Mtandao ukikatika sisi tunafanya hivi: matokeo ya pale yanabaki, mnafungua mechi mpya mnacheza zile dakika zilizobaki tu, yani ikikatika ya 70 mnacheza mpaka dakika ya 20 mnaacha, magoli mnajumlisha. Ikikatika tena inahamia siku nyengine. Msihangaike kutafuta nani kazima data na nani mnara umemzingua, hamtojua, na mkijifanya mnajua ndo mnagombana.

Viporo sasa. Kiporo ni mechi unayoiahirisha, na kila mtu anapewa viporo viwili msimu mzima, anasema tu "kiporo" na haulizwi kwa nini. Hii ndo sheria imenipunguzia kazi kuliko zote! Zamani nilikuwa nasikiliza habari za bibi anaumwa, simu imeingia maji, boti imechelewa, mie nikae nipime nani mkweli. Sasa hata ukienda kula urojo Forodhani shauri yako, ni kiporo chako. Ukivimaliza, mezani 3-0. Raundi mbili za wiki zinafunguliwa Ijumaa baada ya sala zinafungwa Alhamisi saa 4 usiku, na anaedai mezani alete skrinishoti kuonesha kamtafuta mwenzake angalau siku mbili tofauti. Wote wawili kimya, wote wanakosa pointi. Na mtu akiikimbia ligi kabla ya nusu ya msimu, futa matokeo yake yote, akikimbia baada ya nusu mechi zake zilobaki ni 3-0 kwa wapinzani. Andikeni na hili: watu wakilingana pointi mnaangalia nini, mana Uingereza wanaanza na tofauti ya magoli, Hispania wanaanza na walipokutana wenyewe, na mkingoja siku ya mwisho ndo mchague basi kila mtu atachagua inayompa ubingwa.

Timu nazo, kama mnaweza chezeni na klabu za kawaida za gemu kwa droo, mana kwenye timu za kujijengea alietia hela na asiekuwa nayo hawalingani. Zawadi mie siku hizi sichangishi kiingilio kikaenda kwa bingwa, washaniuliza hii si kamari, nikakosa jibu. Tunamuomba mwenye duka mmoja jezi, bas.

Halafu wewe admin kama na wewe unacheza, mechi zako usizihukumu. Tafuta wenzako wawili, mie nna mmoja wa Pemba na mmoja wa shamba, kesi ikinigusa wanaamua wao nami nanyamaza. Tunawaita kamati ya saa 72, utani tu, ila kweli kesi haizidi siku tatu. Mshindi anapost matokeo, aliefungwa ana saa 24 kulalamika, akikaa kimya yamepita. Msimamo weka kwenye Google Sheets ujihesabu wenyewe, usiwe unajumlisha kwa kidole usiku. Inboksi funga kabisa, kesi zote kwenye grupu mbele ya watu, utashangaa nusu yake zinakufa.

Ramadhani tunasimama. Wanaotaka wanacheza bonanza la mtoano baada ya tarawehe, halina msimamo wala kesi. Na baina ya msimu na msimu pumzika mwezi mzima hata wakikusumbua, na ukijikuta simu ikilia unasonya kabla hujaangalia nani, mkabidhi mwengine mapema ligi ikiwa bado nzima.

Mie msimu uliopita nilikuwa mchezaji tu, kamati imeshika vijana. Viporo vyangu nikavimaliza, ikaja harusi ya binamu, mechi nkaisahau. Wakanipiga 3-0 za mezani kwa sheria nilioandika mwenyewe. Nilinuna siku mbili.