Gawio Kwanza, Sarafu Baadaye: Mwongozo kwa Mwekezaji Anayeanza Mombasa

Mkaazi wa Mombasa huguswa na biashara ya sarafu, yaani kubadilisha fedha za nchi moja kwa za nchi nyingine, hata kama hajawahi kufungua akaunti yoyote mtandaoni. Muuza nguo wa Biashara Street anayeagiza mzigo kutoka Dubai hulipa kwa dola na kuuza kwa shilingi, na baharia hupokea mshahara wa dola ambao nyumbani hutumika kwa shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Mwezi uliofuata serikali ya Kenya iliuza hati fungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 1.5 katika masoko ya nje ili ilipe sehemu ya deni lililokuwa likiiva mwezi wa Juni, hofu ya wawekezaji ikapungua, na kabla ya Aprili kuanza bei ilikuwa imerudi hadi takriban shilingi 130. Aliyekimbilia kununua dola Januari alipoteza zaidi ya moja ya sita ya thamani ya fedha zake katika miezi miwili, na hapo hakuwa ametumia mkopo wowote. Biashara ya sarafu ya mtandaoni ni mwendo huohuo wa bei, ila huongezewa mkopo wa dalali unaoikuza faida na hasara mara nyingi.

Kwa sababu hiyo ninamshauri kila anayeanza ajenge kwanza hisa zinazolipa gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, kisha ndipo ajifunze sarafu kwa fedha kidogo zilizotengwa.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha fedha katika mafungu matatu: akiba ya dharura inayotosha matumizi ya miezi kadhaa, fedha za hisa ambazo hutazihitaji kwa miaka mitano au zaidi, na fungu dogo la sarafu ambalo likipotea lote karo na kodi ya nyumba bado zitalipwa. Kamwe usihamishe fedha kutoka fungu la hisa kwenda kufidia hasara ya sarafu.

Hatua ya pili ni kufungua akaunti ya CDS, ambayo ndiyo daftari la kielektroniki linaloonyesha kwamba hisa ni zako. Hufunguliwa kupitia dalali au benki iliyoidhinishwa, kwa kitambulisho, namba ya PIN ya KRA, picha na maelezo ya akaunti ya benki. Kabla ya kumpa mtu yeyote shilingi moja, tafuta jina la kampuni yake katika orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Asiyekuwamo humo, hata akiwa jirani yako wa Nyali mwenye ofisi nzuri, usimpe fedha.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayostahili muda wako mwingi, ni kuchagua kampuni. Chukua Safaricom kama mfano wa hesabu. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 ililipa jumla ya shilingi 1.20 kwa kila hisa. Mwenye hisa 5,000 alistahili shilingi 6,000. Mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 300, na kubakiwa na 5,700. Aliyenunua kwa shilingi 16 alipata asilimia 7.5 kabla ya kodi, ilhali aliyenunua kwa shilingi 40 alipata asilimia 3 tu, ingawa gawio ni lilelile. Bei ya kununulia, kwa hiyo, ndiyo inayoamua mapato yako ya miaka mingi. Hisa hiyohiyo ilivuka shilingi 40 mwaka 2021 na kushuka chini ya 15 mwaka 2023, lakini gawio halikukatika, na aliyekuwa ametulia aliweza kuongeza hisa kwa bei ya chini.

Usidanganyike na asilimia kubwa peke yake. Gawio likigawanywa kwa bei iliyoporomoka hutoa asilimia inayovutia, na mara nyingi bei imeporomoka kwa sababu wenye kuijua kampuni hawatarajii gawio lijalo. Soma taarifa za fedha za angalau miaka mitano, uangalie kama faida inalizidi gawio kwa nafasi ya kutosha, kama fedha taslimu zinaingia kweli, na kama deni linakua kwa kasi kuliko mauzo. Mumias Sugar ilikuwa kipenzi cha wanahisa wadogo waliozoea gawio lake. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya meneja mpokezi, yaani msimamizi anayewekwa ili wadai walipwe, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Ndiyo maana sishauri mtu aweke fedha zake zote katika kampuni moja, hata iwe imara kiasi gani leo. Wengi wetu Waislamu wa Pwani tunaacha pia hisa za bia, tumbaku na benki za riba. Ni vyema kulipanga hilo pamoja na mwanachuoni unayemwamini kabla ya kununua.

Hatua ya nne ni kununua. Soko la Hisa la Nairobi hufanya biashara kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku za kazi. Taja bei ya juu kabisa utakayokubali, na kumbuka kwamba ada zote pamoja hukaribia asilimia 2 kwa ununuzi mdogo, kwa hiyo kununua na kuuza kila wiki huyala magawio yako. Mnunuzi huandikwa kuwa mwenye hisa siku ya tatu ya kazi baada ya muamala. Ukilenga gawio fulani, usingoje mkesha wa kufungwa kwa daftari la wanahisa, siku ambayo kampuni huamua nani atalipwa. Gawio likifika, linunulie hisa nyingine.

Hatua ya tano ni hesabu ya sarafu. Sarafu huuzwa kwa jozi: katika jozi ya yuro na dola, bei ya 1.0850 ina maana kwamba yuro moja ni dola 1.0850, na badiliko la 0.0001 huitwa pipu. Ukubwa wa muamala hupimwa kwa loti: loti kamili ni yuro 100,000, na pipu moja humaanisha dola 10 za faida au hasara. Loti ndogo ya yuro 1,000 humaanisha senti 10 za dola. Tuseme una dola 300 na umeamua kutopoteza zaidi ya asilimia 1, yaani dola 3, katika muamala mmoja. Kwa loti ya yuro 1,000, amri ya kukata hasara, inayoufunga muamala yenyewe bei ikifika hapo, itakaa pipu 30 kutoka ulipoingia. Ukichukua loti ya 10,000 kwa tamaa, pipu hizo 30, ambazo soko huweza kuzipita kwa dakika chache, zitakula dola 30. Anayepoteza nusu ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi alipokuwa.

Fanya mazoezi kwenye akaunti ya majaribio hadi uweze kueleza kila muamala kabla ya kuufungua. Mwendo mkubwa, kwa saa zetu, huja masoko ya London na New York yakiwa wazi pamoja, kuanzia saa tisa au saa kumi alasiri kulingana na majira yao. Muamala ukilala usiku hutozwa au hulipwa swapu, ambayo ni tofauti ya riba za sarafu hizo mbili. Zipo akaunti zisizo na swapu, lakini soma ada zinazowekwa badala yake.

Hatua ya mwisho ni kumbukumbu. Andika namba ya akaunti ya CDS, jina la dalali na orodha ya hisa, kisha umwonyeshe mwenzi wako au mtoto mkubwa mahali karatasi ilipo. Gawio lisilodaiwa kwa muda uliowekwa na sheria hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na warithi watakaofika huko, au kwenye Mahakama ya Kadhi kwa ajili ya mirathi, watarahisishiwa kazi wakiwa na namba hiyo ya CDS.