Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Kuruka kati ya London na Istanbul

Anayetaka kujua safari ya ndege kutoka London hadi Istanbul itamchukua muda gani na aanze na umbali wa angani, ambao ni takriban kilomita 2,500, wala asitumie ule wa barabarani unaokaribia kilomita 3,000. Programu nyingi za ramani zina kipimo cha umbali: gusa mji wa kwanza, kisha wa pili. Usishangae mstari ukijipinda, kwani dunia ni duara, na njia iliyo fupi kuliko zote huonekana imepinda inapochorwa kwenye ramani bapa.

Ndege ya abiria ikishafika juu huenda kilomita 850 hivi kwa saa. Ukigawa 2,500 kwa 850 unapata karibu saa tatu, lakini jibu hilo ni pungufu. Ndege hutembea ardhini kwanza hadi njia ya kurukia, na Heathrow, uwanja wa London wenye shughuli nyingi mno, una njia mbili tu, hivyo foleni ni jambo la kawaida. Halafu hupanda hatua kwa hatua, na mwishoni hupunguza mwendo mapema kabla ya kutua. Kwa hiyo ongeza dakika 40 hadi saa nzima. Wakati wa kurudi ongeza kidogo tena, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayorudi London hukabiliana nazo.

Panapowachanganya wengi ni kwenye tiketi, kwa kuwa saa ya kuondoka huandikwa kwa majira ya mji wa kuondokea na saa ya kufika kwa majira ya mji wa kufikia. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa zake; mwaka mzima iko sawa na Nairobi na Dar es Salaam. Uingereza, kwa upande wake, husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti ni saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi. Tuseme ni Januari, na tiketi inaonyesha kuondoka London 11:00 na kufika Istanbul 18:00. Hesabu ya haraka inatoa saa saba; toa tatu, zinabaki nne, na huo ndio muda halisi wa safari. Kwa safari ya kurudi, jumlisha badala ya kutoa: kuondoka 14:00 na kufika 15:15 ni saa nne na robo, wala si saa moja na robo.

Kabla ya kulipia, tazama pia herufi za uwanja. IST ni uwanja mkubwa ulio upande wa Ulaya, ilhali SAW ni Sabiha Gökçen, ng'ambo ya mlango-bahari wa Bosporus unaougawa mji, upande wa Asia. Mwenye hoteli upande mmoja akitua upande wa pili, msongamano wa magari waweza kumgharimu muda mrefu ambao tiketi haiuonyeshi.