Kompyuta ya zamani ya nyumbani: jinsi ninavyoipima thamani

Ukikuta Commodore 64 stoo, usianze kuota utajiri. Ilitoka 1982 na ikauzwa kwa mamilioni. Umri peke yake haupandishi bei. Apple-1 ya 1976 ni habari nyingine: zilitengenezwa kama 200 tu, ndiyo maana hugombaniwa mnadani.

Mimi siiwashi kwanza. Adapta ya asili ya Commodore 64 ikichoka, volti 5 inazotoa hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ipime kwa mita, au tafuta adapta mpya.

Halafu fungua skrubu utazame ndani. Kompyuta ya Amiga 500 Plus, kwa mfano, ina betri iliyolehemiwa kwenye bodi, nayo ikivuja hula njia za shaba. Ukiona ukungu wa kijani au wa buluu pembeni yake, shusha bei papo hapo, hata muuzaji akinuna. Betri ambayo haijavuja nayo ing'oe.

Plastiki kuwa njano hakunisumbui. Wapo wanaoipaka peroksidi, kemikali ya kung'arisha, irudishe rangi. Mimi naiacha, maana ikipakwa ovyo hubaki na mabaka, na mnunuzi mzoefu huyaona upesi kuliko ule unjano.

Boksi, vifungashio vya ndani, kitabu cha maelekezo: vikiwepo vyote, bei hupaa. Linganisha namba ya mashine na ya kwenye boksi.

Bei itazame kwenye minada iliyokwisha kufungwa. Matangazo yaache, kila mtu huandika anachotamani.