Somo: kufunga na kulenga darubini ndogo ya kuongozea

Mbingu huzunguka nyuzi 15 kila saa. Mota ya stendi huifuata, lakini gia zake haziendi sawasawa. Ndiyo maana juu ya darubini kubwa tunapandisha ndogo yenye kamera yake: ishike nyota moja, na nyota ikiteleza kompyuta iirekebishe mota. Yangu ndogo ina kipenyo cha milimita 50 na urefu wa fokasi 200. Kubwa ni 480. Inatosha.

1. Fokasi ianze mchana. Lenga mnara wa simu ulio mbali, kaza, usiku umalizie kwa nyota.

2. Pete zinazoishika darubini ndogo. Kila moja ina skrubu tatu. Zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka ukiisukuma darubini kwa kidole isitikisike. Msidharau hapa. Nilipiga picha kundi la nyota la Orioni pale Makunduchi, mstari wa kuteleza kwa nyota kwenye kompyuta umenyooka kama uzi, picha imejaa punje za mchele! Ndogo iliishika nyota yake barabara, ila yenyewe ilikuwa ikiinama taratibu na kuachana na kubwa. Waya wa kamera ulikuwa unaning'inia, na skrubu ya fokasi nilikuwa sijaikaza. Siku hizi waya naufunga kwenye mwili wa darubini kwanza.

3. Weka nyota kali katikati ya kubwa, kisha zungusha skrubu za pete mpaka ije katikati ya ndogo. Ikikosea kidogo iache. Pete zilizokazwa zina faida kuliko nyota iliyo katikati kabisa.

4. Mhimili wa stendi uelekee ncha ya kusini ya mbingu. Masomo ya Ulaya hapa Zanzibar hayatufai: nyota yao ya kaskazini kwetu imezama, na ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya bahari, kwenye ukungu. Ipe kibla mgongo, uko kusini. Kama kichwa cha stendi hakishuki hadi nyuzi 6, elekeza mguu mmoja kusini uufupishe, kisha ning'iniza mfuko wa mchanga katikati stendi isipinduke. Angalia pia jiwe la uzani lisigonge mguu.

Kumalizia, tumia PHD2, programu ya bure ya kuongozea. Kwanza nyota ya juu, karibu na ikweta ya mbingu (katikati ya Januari, saa nne na kitu usiku, mkanda wa Orioni uko utosini): ikipanda au kushuka, geuza stendi kushoto au kulia. Kisha nyota ya chini mashariki: hapo unainua au kuteremsha. Rudia.

Maswali

Ustadh, niko Wete, nafunga darubini ufukweni. Nikipita tu, nyota inaruka.
— Weka kipande cha ubao chini ya kila mguu, kisha kaa mbali, ndugu yangu.

Shikamoo mwalimu. Umande unaniziba lenzi kabla hata saa moja haijapita.
— Marahaba. Ivalishe kofia ndefu ya sponji, au mkanda wa joto. Usifute kwa kanga: chumvi itakwaruza kioo.

Je, ile darubini ya kutafutia nyota inafaa?
— Inafaa, mradi kamera inaingia na kufika fokasi. Lakini kishikio chake chenye springi kitoe, ufunge pete mbili.