Pima kabla ya kununua: sensa ya oksijeni kwenye injini ya tabo

Mteja alinijia hapa Changamwe na gari la tabo (pampu inayosukumia injini hewa), taa ya injini inawaka, na sensa mbili za oksijeni, zile zinazopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosti, ameshanunua kwingine. Kumbe mpira unaotoka kwenye tabo kwenda intakula (kipoza hewa) ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki upesi. Sensa zote mbili alizotupa zilikuwa zikisema kweli. Iliniuma, maana zile pesa zilikuwa za karo.

Hatua ya 1: Soma namba, usizifute

Chomeka mashine ya kupimia, andika kila namba ya hitilafu. P0135 inahusu hita ya sensa ya mbele, hapo una haki ya kuishuku. P0171 na P0172 zinasema tu kwamba hewa imezidi au petroli imezidi. Ukiziona hizo, usikimbilie dukani.

Hatua ya 2: Tafuta panapovuja

Hapa ndipo muda wangu mwingi huishia. Kwenye gari lenye sensa ya hewa karibu na filta, hewa hupimwa kabla ya kufika kwenye tabo. Tabo ikisukuma, na hewa ikatoroka kwenye mpira au klampu iliyolegea, kompyuta haina habari. Inamwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haikufika. Ndiyo maana gari linatoa moshi mweusi likipanda kuelekea Mazeras. Ufa ukiwa baada ya throtali (mlango wa hewa ya injini), mambo hugeuka: gari likiwa limesimama linanguruma, injini hunyonya hewa ya ziada.

Zima injini, ziba mdomo wa tabo unaovuta hewa, ingiza upepo wa kompresa polepole, usizidishe shinikizo la tabo yenyewe. Nyunyiza maji ya sabuni. Povu litakuonyesha.

Usisahau upande wa ekzosti. Ufa ulio kabla ya sensa huvuta hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, na sensa huona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Washa asubuhi injini ikiwa baridi, sikiliza mlio wa tiki-tiki kwenye manifoldi (bomba la kwanza la moshi kwenye injini), tafuta masizi kwenye gasketi.

Hatua ya 3: Soketi na hita

Sisi wa Mombasa tunaishi na chumvi ya bahari, na soketi za sensa hufanya kutu ya kijani. Isafishe kwa brashi ndogo kavu. Naomba sana: usipulizie dawa ya umeme, usipake grisi wala usiunge waya kwa lehemu. Sensa nyingi huvuta hewa yao ya kulinganishia kupitia ndani ya waya hizo hizo.

Weka mita kwenye omu, pima waya mbili za hita, ambazo mara nyingi zina rangi moja, linganisha na kitabu cha gari. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Ikisoma vizuri, angalia fyuzi.

Hatua ya 4: Jua aina ya sensa

Sensa ya kawaida, injini ikiwa moto kwenye mizunguko 2500, hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda katikati au ikijivuta, imechoka. Lakini magari mengi ya tabo yana sensa ya mbele ya aina pana (wideband, inayopima kiasi hasa hewa au petroli ilivyozidi), na hiyo haipimwi hivyo. Waya 5 au 6 ni aina pana. Waya 4 zinaweza kuwa aina yoyote, kwa hiyo thibitisha kwa namba ya kipuri. Aina pana isome kwenye mashine: chomoa mpira mdogo wa vakyumu, usomaji uende upande wa hewa nyingi papo hapo.

Hatua ya 5: Ifungue

Spana ya 22. Ncha yenye masizi makavu ina maana petroli imezidi. Majivu ya oili yanakuelekeza kwenye sili za tabo au ringi za pistoni. Tengeneza hayo kwanza, la sivyo sensa mpya itakufa vile vile. Nyingine nunua ya aina ile ile.

Ukimaliza, futa namba, endesha hadi Mtwapa na kurudi huku mwenzako akitazama mashine. Marekebisho ya petroli (fuel trim, yaani kompyuta inavyoongeza au kupunguza petroli) yakae ndani ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri.