Rekodi haraka nyumbani: panga kila kitu kabla hujagusa kitufe chekundu

Wengi wetu tunaorekodi nyumbani, kazi ikiwa haisogei tunailaumu kompyuta, mara RAM ndogo, mara programu ya zamani. Mi nimekaa na hizi programu za kurekodi muziki miaka sasa na ninachokiona ni kwamba muda mwingi hauliwi na kompyuta kabisa, unaliwa na vile vitu vidogo vya katikati, yani kuanzia wazo limekujia mpaka sauti inaanza kuingia. Ufungue projekti mpya, uongeze traki (njia ya kila sauti au ala), utafute maiki umeichomeka ingizo la ngapi, uweke riverbu (ule mvumo kama wa chumba), uulize kama mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni, hajisikii, unaanza tena kutafuta... dakika 20 zimekwenda na ile melodi uliyokuwa nayo mdomoni imeshapoa.

Kwa hiyo hatua zote hapa chini zina kazi moja tu, kufupisha hiyo njia. Natumia programu ya kurekodi ya Reaper kwenye Windows ndo maana vitufe nitakavyotaja ni vya huko, ila Ableton Live, FL Studio, Cubase na Logic nazo zina haya mambo kwa njia zao.

Hatua ya 1: tengeneza templeti (projekti ya mfano iliyopangwa tayari)

Hii ndo kubwa kuliko zote, ukiishia hapa tu tayari umeshinda. Kumbuka nyimbo zako 3 za mwisho, zilikuwa na traki gani? Sauti kuu, waitikiaji, gitaa, bezi, ngoma, basi hizo hizo. Fungua projekti tupu, bonyeza Ctrl+T kwa kila traki, ipe jina, ipe rangi, ichagulie na ingizo lake la intafesi (kile kifaa unachochomekea maiki na gitaa). Sauti zote za kuimba zipe rangi moja, ngoma rangi nyingine, siku una traki 30 jicho litakushukuru.

Halafu ongeza traki 2 za pembeni, moja ina riverbu nyingine ina dilei (sauti inayojirudia kama mwangwi), na kila traki iwe inapeleka huko kiasi inachohitaji. Usipachike riverbu kwenye kila traki peke yake, maana riverbu 8 zinakula prosesa mara 8, na ukiamua unataka chumba kikubwa zaidi itabidi uzibadilishe zote moja moja. Ukimaliza nenda menyu ya File, ingia Project templates, ihifadhi. Kwenye mipangilio unaweza kabisa kuiambia programu kila projekti mpya ianzie hapo.

Kuna siku mwimbaji alikuja, mi nahangaika kutafuta kwa nini hajisikii, yeye anapasha koo tu pale mbele ya maiki, akaiimba beti ya pili kwa namna ambayo nilisimama nikamwangalia. Tulijaribu jioni nzima haikurudi tena. Toka siku ile traki ya sauti kuu kwenye templeti yangu inafunguka ikiwa imeshawashwa tayari kwa kurekodi, na mtu akisogea kwenye maiki tu mi nimeshabonyeza.

Hatua ya 2: bafa ya kurekodi na bafa ya kumiksi

Kama unaimba na sauti yako inakurudia imechelewa, hapa ndo penyewe. Bafa ni fungu la sampuli, yani vipande vidogo vya sauti, ambalo kompyuta inalikusanya kwanza kabla ya kulipitisha. Ukiwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 128 ni kama milisekunde 2.7, bafa ya 1024 ni zaidi ya milisekunde 21, na hapo ni upande mmoja, sauti inaingia na kutoka kwa hiyo ucheleweshaji wenyewe ni mkubwa zaidi ya hapo. Kurekodi weka 64 au 128. Ikianza kukwaruza panda 256. Ukifika kumiksi, yani kusawazisha traki zote pamoja, nenda 1024 bila wasiwasi, maana hakuna anayeimba tena. Kwenye Windows hakikisha umechagua draiva ya ASIO ya intafesi yako (programu inayopitisha sauti kati ya intafesi na kompyuta bila kuchelewa sana), hii watu wengi wanaisahau wanateseka bure. Na kama intafesi ina swichi ya kujisikia moja kwa moja itumie, ila zima kujisikia kwa ndani ya programu, la sivyo mwimbaji atajisikia mara mbili.

Hatua ya 3: kiwango cha sauti

Rekodi kwa biti 24, sehemu za juu kabisa zicheze kwenye -12 dB hivi. Sauti ikigonga 0 imekatika na hakuna plagini (programu ndogo ya ndani kama hiyo riverbu) itakayokurudishia ilivyokuwa.

Hatua ya 4: rekodi kwa kuzungusha

Buruta kwenye rula ya juu uchague mistari minne ya beti, acha na nafasi kidogo mbele ili mtu avute pumzi, bonyeza R kuwasha marudio, kisha Ctrl+R kuanza kurekodi. Mwache aimbe mara 5 au 6 mfululizo, usimsimamishe, usiseme chochote katikati, kwa uzoefu wangu mara ya 3 na ya 4 ndo moyo unakuwa umeingia. Kila mzunguko unahifadhiwa. Baadae bonyeza S kukata pale neno linapoanza, kisha T kupita kwenye zile mara zote alizoimba mpaka upate ile yenye uhai, mstari kwa mstari. Usiogope kujaza diski, dakika moja ya mono hapo inakula MB 8 na ushee tu.

Hatua ya 5: vitufe vitano kwanza

Usikariri vitufe 50. Chukua spesi ya kucheza na kusimamisha, Ctrl+R, S, T na M ya kuweka alama ya kiitikio kinapoanzia, tumia hivyo wiki nzima bila kushika mausi kwa hizo kazi. Kitu kingine unachokifanya kila siku, bonyeza ? orodha ya amri itafunguka, kipe kitufe chako mwenyewe.

Hatua ya 6: gandisha traki nzito

Ala za ndani ya programu zikielemea kompyuta, igandishe traki, inageuka sauti ya kawaida na plagini zake zinapumzika. Ukitaka kubadilisha noti unaiyeyusha.

Hatua ya 7: majina na nakala

Traki ipe jina kabla ya kurekodi, sababu faili linabeba jina hilo hilo. Kutafuta kiitikio ndani ya mafaili 40 yasiyo na jina kunachosha kuliko kurekodi upya. Unapohifadhi, weka tiki kwenye kutengeneza folda ya projekti na kuvuta sauti zote humo ndani, kisha kopi folda nzima kwenye diski ya nje. Ifungue ile kopi, bonyeza spesi, sikiliza kama kila traki inalia, ndo uzime kompyuta.